Bilauri ya Maji Dhidi ya Besi Mliyoipa Nafasi ya Kwanza

Ndugu Mhariri,

YAH: KUTENGULIWA KWA ORODHA YENU YA PROGRAMU ZA BESI

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na masikio yako, kwa kuwa hayo hasa ndiyo ninayokuja kuyalalamikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Mawimbi ya sauti nimeyafundisha mpaka chaki ikahamia kwenye mistari ya viganja vyangu. Sina desturi ya kuwasumbua wahariri. Lakini nimegundua kwamba watu wengi hugombana juu ya vitu ambavyo hawajaelezwa vizuri, kwa hiyo niruhusu kwanza nieleze.

Sinthesaiza ya kompyuta, kwa wasomaji wako wasioijua, ni kinanda kisicho na mbao wala nyuzi. Ni programu. Unaiagiza kompyuta itengeneze wimbi, unalichuja, unalikunja, unaliongezea nguvu, kisha linatokea kwenye spika likiwa besi, yaani ile sauti ya chini ambayo mtu huipata kifuani kabla haijamfika sikioni. Programu za namna hiyo ni nyingi mno, na kijana anayetaka kuchagua moja anaweza kuzeeka akichagua. Ndiyo maana toleo lenu lililopita likaja na orodha ya "Programu Bora za Besi Nzito". Ya kwanza mliiweka inayoitwa Nguzo. Mkiani kabisa mliiweka inayoitwa Kifaru.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipoingia matatani.

Mke wangu ameongoza kikundi cha uimbaji cha mtaa wetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Miaka ya karibuni masikio yake yalianza kuondoka kidogo kidogo, kama wageni wasiopenda kuaga, na sasa hayapo. Jumamosi ijayo kikundi kinaadhimisha kuanzishwa kwake, na waimbaji wamegoma kuongozwa na mtu mwingine. Mjukuu wetu wa kike, ambaye kazi yake ni kutunga muziki wa matangazo ya maduka, amemwahidi bibi yake wimbo wenye besi nzito kiasi kwamba ataihisi kwa nyayo, kupitia mbao za jukwaa, na mkono wake hautapotea njia. Besi ikiwa dhaifu, mwanamke huyu atasimama mbele ya mtaa mzima akipunga hewa. Natumaini sasa unaelewa kwa nini siwezi kuisoma orodha yenu kwa ajili ya kupitisha muda.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwandishi wenu alitumia masikio. Tena anakiri mwenyewe, bila haya, kwamba "alisikiliza kwa makini". Mhariri, sikio ni kipimo cha aina gani? Halina mistari, halina sindano, na likipata mafua linaziba. Muuza mchele akipima kwa kukadiria hivyo, wateja watamtoa dukani mbiombio.

2. Lugha iliyotumika haikubaliki. Besi ya Nguzo mmeandika kwamba ni "nene", kwamba "ina joto", na kwamba "inakukumbatia". Katika maisha yangu yote ya ualimu sijakutana na wimbi lililomkumbatia mtu. Nilimwomba mjukuu anipe huo unene kwa sentimita. Akanijibu, "Babu, wewe isikie tu." Ndivyo kizazi kizima kinavyojibu siku hizi: wewe isikie tu, wewe ione tu, wewe tulia tu. Na Kifaru je? "Kelele nyingi, tumbo hakuna." Programu haina tumbo, ndugu yangu. Mngemwuliza mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili.

3. Kwa kuwa ninyi hamkupima, nimepima mimi. Nilichukua bilauri, nikaijaza maji hadi karibu na ukingo, nikaiweka juu ya meza ya cherehani ya mke wangu. Spika ya mjukuu ikakaa sakafuni. Besi ikipigwa, nayatazama maji. Yakitikisika, besi ina nguvu. Yakitulia, hakuna kitu.

Sikufanya upendeleo. Bilauri ni ileile, meza ni ileile, maji ni ya bomba lilelile. Kila programu niliipa saa yake na sikuwahi kuihamisha, maana ratiba ikiyumba na matokeo huyumba. Nguzo niliipima adhuhuri, tukishamaliza kula. Kifaru niliipima alasiri. Shahidi nilimwomba jirani yetu mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Akaniambia, "Mzee, mimi mashine ikiwaka sisikii hata nikiitwa jina langu, na ikizimwa adhuhuri naenda kula, unanitakia nini?" Nikaridhika kwamba nimempata shahidi asiyeegemea upande wowote.

Matokeo ni kama ifuatavyo. Kwa Nguzo, chaguo lenu la kwanza, maji yalitulia kama ya mtungini. Nilisogeza uso mpaka miwani ikagusa ukingo: hakuna hata kiwimbi. Kwa Kifaru, mliyoitupa mkiani, maji yalitetemeka mfululizo, kwa adabu na bila kuchoka, hata pale mjukuu aliposimamisha wimbo ili apokee simu. Kwa maneno mengine, besi ya Kifaru ina nguvu kiasi kwamba inaendelea kufanya kazi baada ya kuzimwa. Sijui kama mwandishi wenu aliligundua hilo kwa masikio yake.

4. Mmeingia kati ya mume na mke. Mwenzangu haamini bilauri. Yeye huweka kiganja chake juu ya spika, hufumba macho, na kila ikipigwa Nguzo husema kwa sauti kubwa, maana haisikii sauti yake mwenyewe, "Hii ndiyo." Ikipigwa Kifaru anaondoa mkono na kuuliza kama umeme umekatika. Nilimwandikia maelezo kamili kwenye karatasi, pamoja na mchoro, kuonyesha kwamba kiganja hakina vipimo. Akasoma, akaikunja, akasema, "Mwalimu, maji hayajui kuimba." Mjukuu alicheka hadi akaegemea mlango. Hao wawili kwa utani huitana wake wenza, na ninavyoona sasa wameungana dhidi ya mume. Chanzo cha muungano huo ni ukurasa wenu wa katikati.

5. Hata hivyo mimi ndiye mwenye nyumba, na sayansi ni sayansi. Nimeamuru besi yote ya wimbo ihamishiwe kwenye Kifaru. Mjukuu ameanza kuihamisha huku amenuna, akigonga vitufe kama anayeua mende. Mnuno huo pia nauhesabu juu yenu.

6. Nimelitafakari jambo hili zaidi, na naona kwamba tatizo si orodha moja. Kama sikio limeshindwa kutambua besi inayotikisa maji, limekuwa likitudanganya katika mambo mangapi mengine? Nani ametuthibitishia kwamba waimbaji tunaowasifu wanaimba vizuri? Nani amewahi kuwapima?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, orodha yenu igeuzwe juu chini, na Kifaru ikae kileleni, kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi zilezile mlizotumia kuidhalilisha. Pili, mwandishi wenu asimamishwe kusikiliza muziki hadi afaulu mtihani wa mawimbi. Maswali niko tayari kuyatunga na kuyasahihisha. Tatu, kila nyumba yenye spika igawiwe bilauri rasmi, ya ujazo mmoja, na besi yoyote isiyotikisa maji isiruhusiwe kuitwa besi, bali iitwe mlio. Nne, maneno "nene", "joto" na "kumbatia" yarudishwe kwenye uji, jua na ndugu, kwa mfuatano huo. Na mwisho, ili kumaliza ubishi kabisa, masikio yaondolewe kwenye shughuli zote za kuamua muziki. Yabaki kwa kazi zake za kawaida, kama vile kushikilia miwani.

Ninajua utasema nimevuka mpaka. Lakini wewe huna mke atakayesimama jukwaani Jumamosi akisubiri sakafu imwambie aanzie wapi.

Nisalimie wachapaji wote, mlinzi wa lango lenu, wanaofagia ofisi, na hata huyo mwandishi. Mwambie sina kinyongo naye binafsi, isipokuwa na kichwa chake kuanzia usawa wa masikio. Watoto wako wasome fizikia.

Ni mimi, msomaji wenu wa miaka mingi, ambaye bado nalinunua jarida hili na nitaendelea kulinunua ili nione kama mmejirekebisha,

Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha wakati jirani alipogonga mlango kuomba bisibisi. Mkanda wa mashine yake umekatika tangu mchana na mashine imelala. Ilikuwa alasiri, saa ya Kifaru, na Kifaru ilikuwa inapigwa. Nikatazama bilauri. Maji yametulia. Nikamwambia mjukuu aongeze sauti, akaongeza mpaka mwisho, jirani akaziba masikio kwa mikono yote miwili, na maji yametulia vilevile. Nimekaa kitini kwa muda nikifikiria ile adhuhuri ambayo jirani huenda kula.

Mke wangu alitutazama usoni mmoja mmoja, akaelewa yote bila kuandikiwa. Akainyanyua bilauri mezani, akanywa maji yote, akairudisha kabatini. Kisha akavua viatu, akasimama sakafuni na kumwonyesha mjukuu kidole kimoja, yaani ile ya kwanza kwenye orodha. Mjukuu akaweka Nguzo, ambayo nimegundua kwamba hakuwahi kuiondoa kwenye wimbo. Mwenzangu alifumba macho, akainua mkono, na akatuongoza wimbo mzima, mimi, mjukuu na msagaji mwenye unga kwenye nyusi, bila kupotea hata pigo moja. Aliponyoosha kidole kunionyesha kwamba nimechelewa kuingia, nilikuwa kweli nimechelewa.

Barua naituma hivyohivyo kwa sababu mwandiko ulikuwa umetoka vizuri. Naomba usiichapishe. Ila kuna swali moja analouliza mwenye nyumba, naye sasa inajulikana ni nani: hiyo Nguzo, haiwezi kushuka chini zaidi kidogo? Anasema kisigino cha kushoto bado hakijakumbatiwa.