Mahindi ya Langoni na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Maonyesho yamefunguliwa! Uwanja wote nyuma ya duka langu la ushonaji umejaa mabanda, bembea na moshi. Moshi wenyewe sasa! Unaingia dirishani, unaizunguka cherehani, unakaa puani kama mgeni aliyekaribishwa. Leo nimeshonea mkono wa shati kwenye shingo.

Mchana nikatoroka. Pale langoni kuna mama anayechoma mahindi. Nilisimama kumtazama hadi nikasahau kuagiza. Hageuzi hindi kwa pupa. Analisikiliza. Likilia paa, analizungusha kidogo, analipepea, kisha analipaka ndimu na pilipili kwa mkono mwepesi, utadhani anampaka mtoto mafuta. Nikauma. Jamani! Utamu, chumvi, moto, vyote kwa pamoja. Nikala na la pili. Halafu karanga. Halafu viazi vya kukaanga, ili tumbo lisione upendeleo.

Nyumbani nikakuta balaa. Mama mkwe amewasili! Atakaa wiki nzima. Amepika wali, maharage, mboga na kuku, na akasimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nakula. Kukataa chakula cha mama mkwe? Afadhali nijishone mdomo. Nimekula machozi yakinilenga. Akasema hajapata kuona mkwe anayeguswa na mapishi namna hii.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliongezwa na kuongezwa bila hata kulegeza mkanda. Mke wangu akanishauri nimwige. Nimwige yule!

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa. Asubuhi yote nimeziweka kando suruali za watu nikajishonea koti. Kwa nje, koti la heshima. Kwa ndani, mifuko mikubwa iliyotandikwa nailoni. Mpango: nishibe uwanjani, kisha mezani kijiko kimoja kiende mdomoni, viwili mfukoni. Akili nyingi hivi sijui nimerithi kwa nani.

Leo zamu ya viazi. Anavikaanga bwana mmoja mwenye aproni nyeupe pe. Anavitia kwenye mafuta, anavitoa, anavipumzisha, anavirudisha. Akivimwaga kwenye karatasi vinalia kama kokoto. Nje vikavu, ndani laini kama mto. Nilimpa mkono yule bwana. Alishangaa, lakini aliupokea.

Jioni mambo yakaenda vizuri hadi kwenye maharage. Nikaanza kuelemea upande wa kushoto. Shemeji akalisifu koti, akasema ushonaji kama huu unastahili kukumbatiwa. Akanikumbatia! Kwa nguvu, tena kwa makusudi! Mchuzi ukatokea kwenye pindo, tone kwa tone, hadi miguuni kwa mama mkwe.

Mke wangu akanitupia lile jicho lake. Nikasema haraka kwamba chakula cha mama ni kitamu mno, ingekuwa dhambi wateja wangu wasikionje. Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio akalia kwa furaha. Nimeokoka!

Jumatano, 6 Agosti

Sijaokoka. Mchana mama mkwe ameingia dukani na sufuria kichwani. Amewapakulia wateja wote, na mimi kwanza. Bwana harusi mmoja aliyekuja kujaribu suti alikula hadi ikabidi nimpime kiuno upya. Mama ameahidi kuja kila siku.

Kwa hiyo nimekaa, nimeshiba, nimefungwa, na moshi wa mahindi unapita mlangoni bila huruma. Mama mkwe naye alinyanyua pua, akafumba macho kidogo. Nadhani ana mafua.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimemwambia mama, kwa upole wa daktari, kwamba vumbi la vitambaa si zuri kwa kifua chake. Akakubali. Upesi mno, sasa nikifikiria. Akajitanda mtandio akaondoka. Nikafunga duka, nikatoka mbio.

Foleni ya mahindi. Mbele yangu mwanamke aliyejifunika hadi machoni anamwelekeza mchomaji: anataka lililoungua kidogo ubavuni, na pilipili isionewe huruma. Sauti ile! Akageuka. Tukatazamana. Ningeweza kuingia ndani ya jiko.

"Vumbi limepungua, mwanangu?" akaniuliza.

"Kifua kimepona, mama?" nikamuuliza.

Akacheka hadi mtandio ukamwanguka. Tukakaa kwenye benchi karibu na bembea. Akala hindi lake mstari kwa mstari, kama anayesoma. Kisha akaniambia kwamba tangu aolewe amepika kila siku ya maisha yake. Chakula cha mikono ya mwingine hukionja harusini na misibani tu, na huko nako huitwa jikoni kabla hajakaa.

"Hapa mtu ananipikia mimi," akasema. "Ananiuliza nataka pilipili kiasi gani. Mimi!"

Nikaenda kumletea viazi, bisi na aiskrimu. Na mwanamke huyu anajua kula! Anapuliza mara moja, anauma, anafumba macho, anatikisa kichwa kama anayekubaliana na jambo zito. Mimi najiona mlaji. Kumbe nilikuwa mwanafunzi. Tukaapishana kutunza siri.

Jumamosi, 9 Agosti

Shemeji! Ametuona kwenye bembea, mimi na mama, kila mmoja na hindi lake. Akakimbia kumwambia dada yake. Mke wangu akaja uwanjani na kandambili za chooni, kuonyesha uzito wa hasira.

Mama mkwe akaniangalia, akaangalia hindi, akasema alikuja kunirudisha nyumbani. Pilipili imemjaa mdomoni! Nikabeba kosa lote. Mke wangu akamnyang'anya mama yake hindi kama ushahidi. Akalinusa. Akauma, ili kuthibitisha. Akathibitisha tena. Hindi halikurudi kwa mwenyewe.

Hapo mama akaona haya, akasema kweli yote, na yale aliyoniambia benchini pia. Mke wangu akamshika mama yake mkono, akatangaza kwamba kesho mama hagusi sufuria. Watapika wanaume. Nikamtazama shemeji. Uso wake ulikuwa mtamu kuliko viazi.

Jumapili, 10 Agosti

Tumepika. Shemeji ameunguza wali. Maharage nimeyatia chumvi mimi, kisha yeye, kisha mimi tena kwa kutomwamini. Mama mkwe alikaa mezani tangu mwanzo hadi mwisho, mikono mapajani, kama mgeni rasmi. Mke wangu akamuuliza anataka pilipili kiasi gani. Akaonja. Akasema chakula ni kibaya sana, hajapata kula kibaya kama hiki. Kisha akasukuma sahani mbele, aongezwe.

Niliingia jikoni nikajifanya natafuta kijiko.

Jumatatu, 11 Agosti

Maonyesho yamehama. Uwanjani yamebaki magunzi na maganda ya karanga. Mama naye amerudi kwake kwa basi la asubuhi.

Mke wangu ameniuliza kama wiki hii imenifundisha kitu. Nimemjibu kwa moyo mzito kwamba imenifundisha mengi. Ujanja hauna faida. Kuanzia leo ni ukweli mtupu ndani ya nyumba hii. Akafurahi sana, akanishika bega.

Nikatumia nafasi hiyo kumwarifu kwamba kesho nasafiri mji wa jirani kununua vifungo. Huku kwetu vimeadimika kabisa. Mama mchoma mahindi alininong'oneza kwamba ndiko wanakofungua maonyesho kesho. Na kwa bahati ndiko anakoishi mama mkwe, ambaye blauzi zake zote, ameniarifu, zimepungukiwa vifungo.

Nimemwomba mke wangu asiniandalie chai. Vifungo huchaguliwa vizuri tumbo likiwa tupu.