Zambarau Kwenye Tuta Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa bustani anastaafu! Mtafiti wetu, yule mama wa miwani ya kamba, ametangaza: cheo ni cha yule ambaye tuta lake la maua ya asili litatoa mbegu nyingi zaidi. Tuko wawili tu, mimi na shemeji, mume wa dada yangu. Miaka kumi na moja nakisubiri cheo hiki. Shemeji ana mwaka mmoja na tayari anatembea kibosi. Maua yenyewe ya njano, madogo, yamekaa kama yamenyimwa usingizi. Nyuki gani atahangaika nayo?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa. Maua ya kigeni, ya rangi ya zambarau, makubwa, yamejaa utamu. Nimezungushia tuta zima. Nyuki watayafuata, wakipita watagusa na ya njano. Akili nimepewa, jamani!

Jumatano, 12 Machi
Nyuki wamefurika! Hata wa shemeji wamehamia kwangu. Nimempa pole ya kiofisi.

Ijumaa, 14 Machi
Tatizo dogo. Nyuki hawaigusi njano. Nimekaa asubuhi nzima nikihesabu: mmoja tu, naye alibeba chavua ya zambarau, isiyofaa kitu hapo. Nikaamua kuchavusha mwenyewe kwa brashi ya poda ya mke wangu. Nikaanza na zambarau, kupasha mkono moto. Kosa! Njano yote ikapakwa chavua ya zambarau. Na brashi nilisahau kuiosha. Mke wangu ameshinda kazini na shavu moja la rangi ya manjano. Hanisemeshi.

Jumatatu, 17 Machi
Mtafiti kapita, katikisa kichwa. Kasema mmea ukikosa nyuki vizazi na vizazi, inayoacha uzao ni ile michache inayochanua mapema kabla ya mmea mgeni, au inayojichavusha yenyewe. Taratibu, aina nzima inabadilika. Kama haijatoweka kwanza. Hilo la mwisho sikulizingatia, nilikuwa na furaha. Kumbe yanajibadilisha! Nikauliza kama Jumamosi yatakuwa tayari. Akaniuliza kama nimekunywa maji leo.

Jumapili, 23 Machi
Jana hayakubadilika. Nimeyahimiza, nimeyagombeza, wapi! Leo nimechukua jembe nikaikatakata zambarau palepale, mizizi na yote, vipande vidogo vidogo. Raha iliyoje.

Jumatano, 2 Aprili
Kila kipande kimechipua.

Jumamosi, 12 Aprili
Shemeji: vikombe viwili vya mbegu. Kumbe kila asubuhi alichavusha kwa unyoya, njano kwa njano, kimya kimya. Mimi: mbegu tisa, moja ikagundulika ni kokoto. Shemeji ndiye mkuu sasa. Nimelia stoo, nyuma ya mabomba ya maji. Miaka kumi na moja! Dada kanipigia kunifariji; nimemwambia ni mafua.

Jumatatu, 14 Aprili
Amri ya kwanza ya mkuu mpya: ning'oe zambarau yote. Imeshafika hadi getini. Mgongo umekufa. Bahati nzuri dereva wa lori la mbolea ana mmea mmoja wa kutambaa, wa kutoka mbali zaidi. Anaapa unafunika kila kitu ndani ya mwezi na hakuna kinachouzuia. Nimepanda miche ishirini. Shemeji atanishukuru.