Isale Mezani kwa Jenerali

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Miaka arobaini na sita kasoro mwezi tangu nitoke Kibosho, kwetu Uchagani. Niliondoka kwenda vitani nikaahidi kurudi Krismasi. Kwanza ilikuwa vita, halafu kozi, halafu aibu ya kuchelewa. Nimestaafu nikiwa Meja Jenerali. Sasa ni Mwenyekiti wa Kamati ya Uadilifu wa Vizimba, Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Mwenyekiti wa majaribio, miezi sita. Majaribio yanakwisha Ijumaa, Mkaguzi atakapokuja kuona kama nimemaliza walau kesi moja. Nikimaliza, cheo ni changu. Nisipomaliza, nyumbani.

Kesi ninayo. Elimringi, muuza vitenge wa jumla, ana vizimba vinne sokoni na kanuni inampa kimoja. Vitatu kavificha kwenye majina ya mkewe, shemeji yake, na mama yake mzazi, Bibi Candida, ambaye yuko Kibosho na hajawahi kuiona Dar. Afisa mmoja wa ugawaji alifumba macho. Nataka jina la afisa. Elimringi hasemi. Ananiita kaka, kwa kuwa sote ni wa Kibosho. Nimemwambia ofisini hakuna kaka.

Nimetoa Waraka Namba 1. Kitu chochote kitakacholetwa na mwenye shauri kiandikwe kwenye rejesta, kirudishwe siku hiyohiyo kwa hati ya makabidhiano, nakala tatu. Katibu wangu Zamda, mwanamke wa Lindi mwenye mwandiko laini kuliko ulimi wake, aliuliza: hata maji ya kunywa? Nikasema hata maji. Akaandika.

Jumanne, 8 Oktoba

Upelelezi. Nimeacha kaunda suti nyumbani Upanga. Msuli, baraghashia, ndala. Mpango: nijifanye mzee mtafuta kizimba, nimsikie dalali akimtaja afisa. Sadalla, dereva wangu, zamani koplo wangu, mtu wa Tunduru, alinitazama akasema Afande umependeza. Ningepaswa kurudi ndani hapohapo.

Mtaa wa Kongo. Hatua ishirini. Muuza kahawa akaniamkia: "Shikamoo Jenerali. Leo unaoa?" Mbele kidogo machinga wa soksi akawaamuru wenzake mguu sawa, Kamati inapita. Walisimama. Wengine walipiga saluti kwa mkono wa kushoto, jambo lililoniuma zaidi. Dalali mwenyewe alinipa kiti. Akanishauri kwamba kwa habari za vizimba nimwone mzee mmoja juu ya duka la mazulia. Hali rushwa yule, akasema, ndiyo maana mambo yake yanachelewa.

Sadalla anasema kilichonisaliti ni mwendo. Natembea kama nakagua gwaride.

Jumatano, 9 Oktoba

Saa nne asubuhi balaa limepanda ngazi. Bibi Candida mwenyewe. Miaka themanini na minane, amefika jana kwa basi, peke yake, na kikapu. Kwanza alimwomba Zamda amwonyeshe kizimba chake. Zamda akampeleka dirishani. Bibi akakitazama, akasema banda la mbuzi wake ni kubwa kuliko hiki, na kwa hiki mwanawe ameuza jina lake.

Kisha akanigeukia. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kwa Kikibosho, nami nikajikuta najibu. Maneno yalikuwepo yote. Akatoa kikapuni isale lililofungwa fundo, akaliweka juu ya faili la mwanawe, akaondoka.

Zamda alitaka kujua ni mboga gani. Nikamweleza. Kwetu isale ni jani tunalopanda mpakani. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea, na maana yake ni moja: nisamehe. Halikataliwi. Babu yangu alimsamehe mtu aliyemchomea ghala, kwa jani kama hili, na babu hakuwa mtu wa kusamehe hata mvua.

"Vizuri," akasema Zamda, akafungua rejesta. Jani. Moja. Kijani. Lina fundo. Akanikumbusha linatakiwa kurudi leo.

Nikilikataa, hakuna Mkibosho atakayekaa meza moja nami. Nikilipokea, nimepokea zawadi ya mshtakiwa siku mbili kabla ya Mkaguzi.

Saa nane nimepata akili. Tumelitia kwenye kopo la maji. Si zawadi tena, ni pambo la ofisi. Zamda akasema pambo la ofisi ni mali ya ofisi, na mali ya ofisi ina namba. Sadalla ameliandika kwa makapeni: 0017. Namba 0016 ni feni mbovu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Zamda amekuja na hoja. Kitu huwa mali ya ofisi baada ya kupokewa, na kupokea ndiko kulikokatazwa. Nikamwuliza sheria hizo kasomea wapi. Akasema kwenye waraka wangu.

Basi, mpango mpya. Mimi sitalirudisha. Atalirudisha Sadalla. Si Mchaga, mila haimfungi, na mkono si wangu. Nimemtuma Magomeni kwa Elimringi, Bibi alikofikia, akiwa na isale, hati na muhuri.

Karudi saa tisa. Zoezi limekwenda salama, Afande. Alisimama mlangoni, akapiga saluti, akasema: "Bibi, Jenerali amenituma nikuletee hili." Bibi alishtuka. Akalipokea kwa mikono miwili, akalia, akapiga kigelegele, akaweka dole gumba kwenye nakala zote tatu, akamlisha Sadalla ndizi na nyama. Nikauliza alilia nini. Sadalla anadhani ni furaha.

Nimeshusha pumzi. Nimekula vizuri mara ya kwanza tangu Jumatatu. Zile ndizi Zamda anazitafutia safu kwenye rejesta.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo muuza kahawa hakunitania. Alisimama, akanishika mkono, akasema uungwana ni vitendo. Mwenye duka la mazulia, Mkibosho, akavua kofia: mtu wa cheo chako, Jenerali, kumwomba radhi mama yetu, si jambo dogo. Hapo ndipo nikaelewa.

Isale lina njia moja tu. Anayelipeleka ndiye mkosaji. Mtoto wa miaka saba Kibosho anajua hilo. Nimemwomba msamaha mama wa mshtakiwa wangu, kwa nakala tatu, zenye muhuri wa Kamati.

Mkaguzi akaingia saa tatu. Mama mtulivu, kumbe mtu wa Machame, Mchaga anayejua isale. Alisoma hati mara mbili, akavua miwani. "Mzee, huyu mama ulimkosea nini?"

Nilikuwa bado natafuta kosa, hata la kubuni, Elimringi akatokea mlangoni. Bibi Candida nyuma yake, kama askari wa zamu. Elimringi akasema mama hajala kwake tangu jana. Amemwambia: mzee mwenye vyeo vile kajishusha mbele yangu, wewe mwenye marobota ya vitenge una nini cha kukushinda? Akaweka funguo tatu mezani. Akamtaja afisa. Zamda akaandika. Elimringi aliposita kwenye tarehe, Bibi alikohoa, na tarehe ikapatikana.

Kesi imekwisha. Mkaguzi akaisifu Kamati, hasa rejesta. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mwenyekiti aliyemwomba radhi mama wa mshtakiwa kwa maandishi hawezi kubaki. Kiti atakikalia Zamda. Mimi nitapata barua ya shukrani.

Nilingoja maumivu. Hayakuja. Nikafungua kifungo cha juu cha kaunda suti. Sikumrudishia bibi kizee isale lake usoni. Sikumburuta mahakamani. Hewa ya Kariakoo si hewa ya kusifia, lakini leo ilishuka mpaka chini kabisa ya mapafu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Bibi Candida amepita Upanga kuniaga. Anasema basi la kesho lina nafasi, kihamba cha baba, lile shamba la migomba la ukoo, bado kipo, ndugu wananiulizia, na sasa sina kazi ya kunizuia.

Kazi ipo. Jana wakazi wa ghorofa letu walinichagua kusimamia pampu ya maji. Jina nilipendekeza mwenyewe, mwingine hakutokea. Waraka Namba 1 uko tayari, vifungu kumi na vinne. Jirani wa chini, Mama Salma, alileta sahani ya sambusa kunipongeza. Ana shauri kuhusu zamu ya maji, hivyo nimezirudisha, zote sita, kwa hati. Amefunga mlango bila neno. Nadhani ni heshima.

Bibi aliuliza sasa nitakwenda lini. Nikamwambia tutaona, pampu ikitulia. Alinitazama kwa huruma, akaniachia mkungu wa ndizi, na kwa kuwa hana shauri lolote la maji, nimeupokea.

Humu niandike kweli. Sirudi.