Kimya cha Maritza Kisipewe Jina Jingine

Xiaobei, Guangzhou, China

Kwa Bi. Chausiku,
Mwenyekiti, Umoja wa Wauza Nguo wa Ghorofa ya Tisa.

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo, na pole kwa kuamua ugomvi wetu kila wiki. Mimi Burhani, msafirishaji wa madera, leo nashitaki neno.

Wiki mbili zilizopita nilimposa Bi. Maritza, Mperu anayenunua nguo za watoto kule soko la Zhanqian. Kwa kuwa sina mshenga ajuaye Kihispania, niliandika posa kwa adabu zote, nikaitia kwenye mkalimani wa simu, nikatuma. Akasoma. Akanyamaza. Nami sikulelewa porini: mwanamke akiposwa akanyamaza, kakubali. Nikagawa halua ghorofa nzima. Hata wewe ulikula, ukafungiwa na ya nyumbani.

Juzi nikamuuliza binamu yake, Wilmer, kipimo cha kidole chake cha pete. Akanishika bega, akanionea huruma mbele ya watu.

“Kaka, amekughosti.”

Kumbe ni neno la Kiingereza, la mzimu, waliloliokota akina Wilmer mtandaoni wakalivisha mkia wa Kihispania: ghostear. Mtu akikukatia mawasiliano bila kuaga, ukabaki unakodolea simu, ndiyo umeghostiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno hili linavunja mila. Kimya cha aliyeposwa kina maana yake tangu enzi za mababu. Hawa wamekuja jana na simu zao, wanakibadilishia maana bila hata kikao.

2. Halina kazi. Wenyeji wetu Wachina wana meiyou yao. Ukiambiwa hivyo dukani unajua hakuna, unahamia duka la pili. Mimi nihamie wapi?

3. Linatishia ukoo wangu. Bibi mzaa baba alipoposwa hakufungua kinywa. Kwa kamusi ya Wilmer, basi, babu alighostiwa, akaendelea kughostiwa miaka arobaini na kupata watoto saba. Sisi wajukuu tuitwe nani?

4. Nampenda. Tangu Machi tunakula tambi pamoja mchana, kila mmoja na simu yake ya kutafsiria, na mkalimani akikosea Maritza hucheka mpaka anaweka vijiti chini. Siku kumi na nne sasa nakula peke yangu.

Kwa hiyo naomba Umoja upige marufuku neno hilo kwenye lifti na ngazi zote za jengo. Pili, wasemao Kihispania waandikiwe rasmi kwamba asiyejibu posa amekubali, awe mwanamke au mwanamume, bila upendeleo. Tatu, mimi nihesabiwe mume wa mtu kuanzia siku ile ya halua.

Nisalimie Mzee Vuai wa mizigo, Goodness wa jikoni, na wote wanaonicheka. Mdogo wako Najat namsalimia hapo chini.

Wako katika kungoja,
Burhani

Nyongeza: Kuhusu ujumbe wako wa mwezi wa Rajabu, ulioniuliza kama niko tayari kumwoa Najat. Leo Mzee Vuai kaniambia kwamba kwa vile sikujibu, mmeshashona sare za harusi, na Najat yuko njiani anakuja. Dada Chausiku, nakuomba sana, kile kimya changu usikifikishe kwenye Umoja. Mimi nilikughosti tu.