Gwaride la Kabuti Moja

Jumatatu, 19 Aprili 1971

Mkuu wa Kituo amekwenda likizo. Kituo kiko mikononi mwangu! Hatimaye shahada yangu imepata kazi inayoistahili.

Jumamosi, Mrakibu wa Polisi anakuja kutoka Nakuru kutukagua. Inspekta Kiprono wa trafiki, ambaye hajawahi kuuona mlango wa chuo kikuu, alisifiwa mbele yetu sote mwezi uliopita kwa kumkamata mwizi wa baiskeli. Baiskeli! Mimi nitaonyesha kesi kamili: mlalamishi, shahidi, na mshukiwa ndani ya seli.

Mlalamishi amejileta mwenyewe. Bwana Osman, mwenye malori, amefunua turubai na kukuta seng'enge aliyoagiza haipo. Mlinzi wake, Mzee Nur, aliona mtu mrefu mwenye kabuti akipitapita karibu na lori. Maelezo bora kabisa.

Jumanne, 20 Aprili

Mshukiwa amepatikana sokoni akichagua jembe. Jina lake Kimeli, mkulima. Mrefu. Ana kabuti. Sajenti Otiende aliuliza ni nani Eldoret hii asiyevaa kabuti mwezi wa Aprili. Nilimkumbusha kwamba shaka ni adui wa maendeleo.

Sheria inataka mshukiwa asimame pamoja na watu wanaofanana naye. Nikawavalisha makonstebo wanane nguo za kiraia. Werevu mtupu! Kwa mazoea nikapaza sauti: "Gwaride!" Wote wanane wakakauka, vifua mbele, visigino pamoja. Kimeli peke yake akabaki na mikono mfukoni, akiuliza kama naye afanye hivyo.

Mzee Nur alipita mara moja. "Hawa ni askari," akasema. "Basi mwizi ni huyu."

Nimeandika: Shahidi alimtambua bila kusita.

Alhamisi, 22 Aprili

Mke wa mshukiwa, Jepkosgei, alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Alieleza kwamba waliuza ng'ombe wao wote isipokuwa mmoja, wakaungana na wenzao kununua shamba la mzungu kule Kiplombe. Jumamosi asubuhi wanagawana vipande. Kila mwanachama huokota namba ndani ya kofia kwa mkono wake mwenyewe. Asiyekuwepo huachiwa kipande ambacho namba yake haikuokotwa na mtu.

Nilimshauri aende yeye. "Bwana Inspekta," akasema, "kofia ile haimjui mke."

Nilimweleza kwamba sheria nayo haijui kofia. Nililipenda jibu hilo, nimelinakili hapa.

Sajenti Otiende ananong'ona kwamba mtu huyu alipaswa kufikishwa kortini jana, kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Nilimfafanulia kwamba Kimeli hakukamatwa. Anawasaidia polisi katika uchunguzi. Sajenti akauliza ni msaada gani unaotolewa nyuma ya komeo. Mtu wa shule ndogo. Simchukii.

Ijumaa, 23 Aprili

Balaa! Bwana Osman amerudi na Mzee Nur, wote wawili wameinamisha vichwa. Seng'enge imepatikana. Haikuibwa kamwe. Lori lilikwama matopeni Timboroa, dereva akaipakua kupunguza uzito, akaiacha dukani kwa rafiki yake, halafu akaenda msibani Garissa bila kumwambia mtu. Bwana Osman anataka kufuta malalamiko na kumwomba Kimeli radhi.

Kesi bila kosa! Na ukaguzi ni kesho!

Nilimwarifu kwamba jambo zito kama hilo haliamuliwi kwa pupa. Arudi Jumatatu. "Kijana wangu," akasema, "mtu amelala ndani kwa sababu ya kitu ambacho mimi ninacho." Nilimshukuru kwa ushirikiano wake.

Sajenti Otiende aliomba ruhusa ampeleke Kimeli Kiplombe kesho, aokote namba yake, kisha amrudishe, hata kwa pingu. Nilitafakari kwa kina. Je, Mrakibu akifika akakuta seli tupu? Hapana.

Dhamiri yangu imetulia.

Jumamosi, 24 Aprili

Vifungo vinang'aa. Mvua kubwa.

Jepkosgei alikuja mapema, akaomba apewe walau kabuti la mumewe, alitandike mkutanoni mahali pake, wenzake wakumbuke kwamba yupo. Haiwezekani. Kabuti ni kielelezo, ushahidi wa kesi.

Kimeli alisimama dirishani mwa seli, uso wake umeelekea Kiplombe. Aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia.

Mchana simu ikalia. Gari la Mrakibu lilikwama matopeni Timboroa. Amegeuza, amerudi Nakuru.

Inspekta Kiprono alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Hakuna aliyewahi kudhulumiwa kama mimi leo.

Jumatatu, 26 Aprili

Bwana Osman amefuta malalamiko. Nimemwachilia Kimeli kwa maneno mazuri, nikamshukuru kwa niaba ya Jamhuri.

Ameachiwa kinamasi cha ukingoni mwa mto. Mzungu mwenyewe, kwa miaka yake yote, hakuwahi kukilima. Nilimfariji kwamba hatakosa maji. Aliomba kabuti lake, akalivaa polepole, kifungo kwa kifungo.

Jepkosgei hakulia. "Asante kwa kunitunzia mume," akasema. "Umetutunzia kila kitu ila shamba."

Nimeipokea shukrani hiyo. Sajenti Otiende aliwasindikiza hadi barabarani, akasimama kwenye mvua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 28 Aprili

Habari njema! Mrakibu anakuja Jumamosi hii. Isitoshe, nimeteuliwa kuwahutubia makurutu juu ya tabia ya afisa wa polisi. Nimekwisha kuandika ukurasa mzima kuhusu haki.

Tatizo ni moja. Seli ni tupu.

Nikiandika haya, naona dirishani mtu mrefu akivuka barabara, jembe begani, kabuti limejaa tope hadi magotini. Uso nimeuzoea. Nimemwagiza Sajenti Otiende amwite kwa heshima. Kuna maswali machache tu.

Sajenti ameivua kofia yake, ameiweka juu ya meza yangu, ametoka. Amempita Kimeli. Amempa mkono. Sasa wanaelekea pamoja upande wa Kiplombe.

Nidhamu imeporomoka. Itanibidi nimwite mwenyewe. Wala si vibaya: sasa wako wawili.