Mafuta Yangu Yameyapita ya Mama Aline

Jumapili, 3 Oktoba 2021

Leo kwenye Zoom ya kanisa, dakika kumi na mbili za kumsifu Cécile, Mama Aline. Nilihesabu. Kisa? Kopo la mafuta ya mikono! Ameyapika mwenyewe jikoni kwake, akaacha moja moja mlangoni kwa kila mama, maana sanitaiza imetupasua viganja sisi wote, wanaotunza wazee na sisi wa maghala ya Wetherill Park. Mama Faida aliinua vidole mbele ya kamera, eti vimekuwa vya bibi arusi. Vidole vile! Mchungaji akasema huo ndio moyo wa présidente.

Na uchaguzi wa présidente wa akina mama ni tarehe 17. Kiti hicho nakitaka tangu tuko kambi ya wakimbizi. Cécile anajua, nilimwambia mwenyewe. Alipofika Sydney ni mimi nilimpokea uwanja wa ndege, ni mimi nilimfundisha kupanda treni. Leo ananipita akiwa ndani ya treni hiyo hiyo.

Nimejaribu kopo langu. Mazuri sana. Nimenuna.

Jumanne, 5 Oktoba

Mpango: mafuta yangu mwenyewe. Yeye ametia nta ya nyuki kidogo, mimi nimetia nyingi, nimeinunua Cabramatta. Na mafuta ya kondoo kilo mbili kwa Mlebanoni wa bucha hapa Guildford. Marehemu mama yangu kule Walungu alipaka ya kondoo, akafa na miaka themanini bila hata mkunjo.

Déborah wangu (anasomea uuguzi mwaka wa pili, Kiingereza chake hata wazungu wanauliza amekitoa wapi) akatoka chumbani amevaa barakoa. Ndani ya nyumba! "Mum, did something die?" Nikamwambia ndiyo, adabu yako.

Yamepoa. Yamekuwa magumu kama sabuni ya kipande. Nimepaka, simu imeniganda kiganjani. Déborah ameibandua kwa maji ya moto.

Makopo thelathini na mawili. Thelathini na mawili!

Alhamisi, 7 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake. Mzee Neville, jirani, amechungulia juu ya uzio akifuata harufu. Ana miaka sabini na sita, ni mlenga shabaha wa klabu. Anatoboa karatasi tu, hata sungura hagusi. Akanieleza kwamba risasi zake anazimimina mwenyewe gerejini, kwa madini ya risasi. Zisipopakwa mafuta, madini yanabaki ndani ya mtutu na bunduki inapoteza shabaha. (Kwetu madini ni risasi, na kinachotoka bundukini ni risasi. Nilielewa haraka kuliko Déborah.) Mafuta yake yamekwisha, duka limefungwa kwa ajili ya Covid.

Akachovya kidole kwenye kopo langu. Akasugua. Akafumba macho. Akasema ndiyo haya haya!

Miaka kumi na moja Sydney, hakuna mzungu aliyewahi kufumba macho kwa kitu nilichopika mimi.

Nimempa makopo matatu. Na la Cécile moja. Tupimwe!

Jumamosi, 16 Oktoba

Watu wameachiwa kutoka majumbani tangu Jumatatu, klabu imefunguliwa. Neville amerudi anacheka peke yake. Risasi ishirini na mafuta yangu: mtutu safi, matundu yote ungeyafunika kwa kikombe cha chai. Ishirini na ya Cécile: mtutu mchafu, karatasi kama imekanyagwa na kuku. Ameniandikia ushahidi kwa mkono wake. Nimeubandika kwenye friji. Sikutafuta gundi, nimetumia mafuta yangu.

Déborah ananisihi kesho nisiseme neno. Wivu, labda.

Jumapili, 17 Oktoba

Nilivaa kitenge cha harusi. Cécile aliongea kwanza, dakika moja, akashukuru, akakaa. Ndiyo hotuba hiyo?

Zamu yangu. Nikainua karatasi ya Neville. Nikatangaza kwamba mafuta ya Mama Aline yamepimwa kwenye risasi yakashindwa, na yangu yamepakwa risasi ishirini, zote zimepita laini bila kukwama hata moja!

Nyuso zote zikaganda. Nikadhani mtandao umekatika. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Watu wa Walungu, wa Uvira, wa Fizi, wote wananitazama kwenye vidirisha vyao. Mama Faida, aliyefika nchi hii na chuma ndani ya paja, akafungua sauti yake. Akauliza polepole: dada yangu, sisi risasi tulizikimbia, wewe unazipaka mafuta zisikwame?

Nikasema hizi ni za kutoboa karatasi tu. Mchungaji akasema tuombe. Aliomba muda mrefu, jina langu mara nne.

Na mimi nilizikimbia, Déborah mgongoni. Nilisahau vipi? Kiti kile kilinipofusha.

Kura, za kubonyeza jina kwenye Zoom: Cécile thelathini na moja. Mimi moja. Nikajipa moyo, angalau yangu sikuipoteza. Ndipo Déborah akaniambia, tena kwa Kiswahili, jambo ambalo hafanyi, kwamba ile moja ni yake. Mimi bila miwani nilimbonyeza Cécile.

Akanishika mkono. Nikalia kidogo. Kiganja chake laini, laini kabisa.

Anapaka ya Cécile!

Jumanne, 19 Oktoba

Cécile alikuja mlangoni na sahani ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Akaniita dada mkubwa. Anasema anayeijua nta ni mimi, niwe msaidizi wake, tupike pamoja mafuta ya visigino. Nimekubali, nimwangalie kwa karibu. Sombe ilikuwa tamu. Nimenuna tena.

Alipotoka, Neville akampungia mkono. Akamwomba kopo lingine! Eti yale yaliyobaki alijipaka mikono baada ya kulenga, ikawa kama ya mtoto. Yaani yangu ni ya risasi, yake ni ya mkono unaozifyatua!

Nimekaa. Nimefikiri. Kosa langu nimeliona, sitalirudia. Uchaguzi mwingine upo mwakani, nta iko motoni tayari, na Neville ameahidi kupima upya. Ila safari hii, mbele ya akina mama, neno risasi halitatoka kinywani mwangu.

Nitasema bunduki.