Pumzi ya Lori la Mchanga

Siku Grisi alipoliona lori la mchanga likipitwa kilimani na mwanamke aliyebeba ndoo kichwani, alisimama kando ya barabara, akavua kofia kama mtu anayesindikiza jeneza. Kisha akamtazama aliyeshika usukani. Akaona saa ya dhahabu, akaona kitambi, akaona uso uliovimba kwa aibu. Riziki, alijiambia, huja kwa mwendo wake, na hii ilikuwa ikija taratibu mno.

Waliomwita Grisi hawakumwonea: hakuna mkono uliowahi kumshika ukabaki naye. Kuhusu injini alijua mambo mawili tu, kwamba zinaunguza na kwamba zinachafua. Ovaroli lake lilikuwa limepigwa pasi, na madoa aliyapaka mwenyewe kwa rangi ya viatu.

"Pole na mgonjwa, mzee," alisema, akitembea sambamba na lori bila kuharakisha.

"Mgonjwa gani?" aliuliza mwenye lori. Mtaani walimwita Bosi Mchanga.

"Injini. Silinda sita zimejipanga kama watu kwenye bomba la maji. Wa kwanza anajaza ndoo, wa sita anameza mate. Haina ugonjwa, imekosa pumzi tu. Ifungiwe tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa kwa nguvu, na kilima hiki utakipanda huku unapiga miayo."

Bosi Mchanga alikuwa bahili wa kukamua tofali akipata kiu. Alisema fedha hana, lakini nyumbani alikuwa na lori dogo la buluu, zima kabisa, lenye tabo lake. Lori kubwa likipanda kilima na mzigo, lile dogo litakuwa la fundi. Walipofika uani akaliwasha. Likanguruma kwa adabu, kama paka aliyeshiba, na Grisi akaupenda mlio ule kuliko alivyowahi kupenda binadamu.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angefunga kopo lenye filimbi ndani, alipulizie rangi ya fedha, kisha Bosi akienda kujaribu kilimani, yeye angeondoka na lile dogo. Kasoro ilikuwa moja tu: mama yake Bosi, Bi Mkubwa, alitoa kiti chake nje, akaketi kati ya lori dogo na geti. Lori lenyewe alikuwa amelifunika turubai, eti lisipate vumbi.

"Mwanangu fundi," alisema, "injini hii ilizaliwa bila tabo. Ukiisukumia hewa kwa nguvu, pistoni si zitapasuka?"

Grisi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuliacha swali lipite bila jibu zuri.

"Zitapasuka, mama. Ndiyo maana tunazitoa."

"Zote sita?"

"Mama, wewe ukioga unaosha mguu mmoja?"

Bosi alilisikia jibu hilo, akalipenda, akaanza kufungua nati. Kufikia mchana injini ilikuwa imelala chini vipande vipande, na Grisi akalazimika kumleta fundi wa kweli. Akamlipa kwa makochi ya sebuleni kwake. Fundi akapima, akasema silinda zimelika, zichongwe upya. Ziingie pistoni zenye bakuli la kina zaidi, mgandamizo upungue. Kichwa cha injini kibanwe kwa bolti ngumu zaidi. Pampu ifunguliwe imwage dizeli zaidi, kwa kuwa hewa bila dizeli ni upepo tu.

"Na tabo liko wapi?" fundi aliuliza.

Grisi akatoa kopo. Fundi akaligeuza, akalipuliza, likalia. Akamrudishia.

Bi Mkubwa akakohoa. "Mpwa wangu anauza vipuri. Vimetumika, lakini ni vizima."

Tabo likaja limefungwa kwa gunia, na pikipiki ya Grisi ikaenda. Ukaja mpira wa hewa, likaja bomba la kupeleka oili kwenye tabo, likaenda friji. Ikaja rejeta ya kupoza injini, ikaja feni, kikaenda kitanda. Kila alipoumia alijikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, ingawa sasa hata huo mvungu hakuwa nao.

Siku ya majaribio lori lilijazwa mchanga hadi pomoni. Lilikipanda kilima likipiga mluzi, likayapita magari yaliyokuwa yakilicheka, na Grisi, aliyekaa kando ya dereva, akasahau kabisa kwamba yeye ni tapeli. Alimshika Bosi bega akamwambia, "Sikiliza ya sita inavyovuta." Hakuwahi kuona fahari ya kazi maishani mwake, na ilimtia machozi.

Waliporudi, Bosi alimkabidhi funguo na kadi ya gari mbele ya mama yake. Ahadi ni deni, alisema. Grisi akavuta turubai, akapanda, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Akashuka, akainua kibini, chumba cha dereva kinachofunika injini, na chini yake akaona ardhi, na juu ya ardhi kuku aliyelalia mayai.

Akageuka polepole kulitazama lori kubwa. Kwenye tabo lake, karibu na bolti, palikuwa na doa la rangi ya buluu. Kwenye rejeta pia. Alikuwa amelinunua lori lake mwenyewe kipande kwa kipande, akalifunga ndani ya lori la mtu.

"Vilivyobaki anavyo mpwa wangu," Bi Mkubwa alisema kwa upole. "Akuwekee?"

"Mama, mliniahidi lori."

"Si hilo hapo? Na mayai chukua. Kuku ni wangu."

Grisi angeshtaki wapi? Tapeli akitapeliwa hana mlango wa kubisha. Alilisukuma lori lake hadi barabarani, fundi akimsaidia kwa huruma, akaketi kwenye kivuli chake akalia kidogo. Halafu akalifuta vioo kwa mkono wa ovaroli. Bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa akapunguza mwendo, akasimama.

"Linauzwa hilo?"

Grisi alimtazama viatu, kisha saa, kisha uso.

"Inategemea, mzee wangu. Wewe unapenda kununua dizeli?"

"Nani anapenda?"

"Basi sogea," alisema Grisi. "Hili halinywi hata tone."